Miguu ya Kaka Yangu

Nilimpiga kaka yangu picha ya miguu, bila kichwa, tena kwa kusudi. Hakuna aliyenisukuma mkono, wala jua halikuniingia machoni. Alisimama mbele yangu kwenye njia iliyo juu ya kijiji cha Kingi, amevaa koti na karavati, shingo ameinyoosha kama mtu anayepimwa urefu, na mimi nikainamisha aparei ya kupigia picha polepole. Ndani ya kile kioo kidogo cha juu nikaona uso wake unatoka, kifua kinatoka, magoti yanatoka, ikabaki miguu. Nikafinya. Nikamwambia imetoka vizuri kuliko zote.

Ili ujue kwa nini jambo hilo lilinichekesha mpaka nikajiuma shavu, sharti ujue kwanza kazi ya kaka, na adabu ya picha za kwetu.

Kaka alikuwa anamfulia nguo muzungu mmoja mwenye shamba la pareto. Mwaka wa uhuru yule muzungu aliondoka mbio, mlango ukabaki wazi. Watu wakaingia kutazama kama ameacha kitu. Wengine walitoka na viti. Jirani yetu mmoja alitoka na beseni ndefu ya kuogea, na mpaka leo ngombe zake zinanywea humo na zinatuangalia kwa dharau. Kaka alitoka na koti jeusi, karavati, na aparei ya foto, kisanduku cheusi chenye jicho moja. Mama alimuuliza kama amepewa ao amechukua. Kaka akasema muzungu amesahau. Mama akasema basi, akirudi utamukumbusha. Hakurudi.

Tangu hapo kaka akawa mpiga foto wa vilima. Baba yetu alikuwa amekufa zamani, mama alikuwa na maharagi yake na mihogo yake, lakini ada ya shule yangu ilitoka ndani ya kile kisanduku. Wakati wa vakansi, shule ikifungwa, nilikuwa namfuata, yeye na aparei, mimi na koti, limekunjwa ndani ya mfuko wa unga uliofuliwa.

Koti halikuwa la kaka. Nasema hivyo kwa sababu kila aliyetaka foto alilivaa. Mkulima aliacha jembe, akanawa mikono, akavaa koti. Mwenye ngombe aliegemeza fimbo yake kwenye ua, akavaa koti. Kijana mwembamba alizama ndani yake mpaka vidole vikapotea, tukamfungia mgongoni kwa kamba ya mgomba. Lilikuwa na kifungo kimoja cha kahawia chini, kwa sababu kile cheusi kilimezwa na mtoto mmoja wa Kingi huku tukisema atulie. Ukiingia leo katika nyumba za Masisi, utaona ukutani baba wa nyumba amevaa koti jeusi lenye kifungo cha kahawia. Nenda nyumba ya pili, koti lile lile. Mgeni angefikiri sisi wote tunafanya kazi katika ofisi moja.

Hiyo njo adabu ya kwanza. Ya pili ilihusu miguu. Hakuna aliyetaka miguu yake ionekane. Koti unaweza kuazima, karavati pia, lakini viatu havikuwepo, na miguu ya watu wa mlima ni miguu iliyoliwa na funza, imepasuliwa na baridi na matope. Kila mtu, hata mzee mwenye ngombe nyingi, alipokwisha kusimama vizuri alimwonyesha kaka magotini, akasema kwa sauti ya chini, "Ukate hapa." Kaka akakata hapo. Ndiyo maana katika picha zake zote ungesema nchi yetu imejaa maji na watu wamesimama humo mpaka magotini, bila wasiwasi.

Na katika miguu yote ya Masisi, mibaya zaidi ilikuwa ya kaka mwenyewe. Ukucha wa kidole gumba cha kushoto ulipasuka katikati kama kwato ya mbuzi. Kidole kilichofuata kilizaliwa kimepanda juu ya kidole gumba, kama mtu aliyepanda mgongo wa mwenzake kuvuka mto. Mama alisema alipokuwa mtoto alikuwa anakifunga na kamba ya mgomba kila jioni. Asubuhi anakuta kamba imelegea na kidole kimepanda tena. Mimi nilimwita kaka Mbuzi. Yeye alinirushia kitu chochote kilichokuwa karibu, siku moja kiazi cha moto, lakini hakukasirika kweli.

Sasa filimu yenyewe. Ilikuwa na nafasi nane, na kaka hakuharibu hata moja. Sitasema zote. Nasema zile ambazo zinakataa kunitoka.

Ya kwanza ni ya ngombe. Mzee mmoja wa juu kule kwenye majani, mwenye kuuza maziwa, alitaka ngombe wake mmoja apigwe peke yake, kwa ubavu, pembe zote mbili ndani. Alimchana mkia. Alimfuta macho. Halafu akaomba koti. Kaka akamwambia, "Papa, wewe hauko mu foto." Mzee akajibu kwamba yeye njo anashika kamba, na ngombe anajua. Basi akavaa koti, akasimama nje ya picha, akashika kamba kwa heshima kubwa. Nilicheka mpaka ngombe akageuka. Tulipopata picha zile, yule ngombe alikuwa amekwisha kuchukuliwa na watu wenye bunduki, na zizi lote pamoja naye. Nilimpelekea mzee foto. Aliitazama, akaniuliza kwa nini sikumwambia kaka apige na zile zingine.

Mbili ni za maarusi. Koti lilikuwa moja, na bibi arusi alikataa kata kata mume wake aonekane mtu mukubwa na yeye aonekane wa shamba. Kwa hiyo tulimpiga bwana na koti, akalivua, tukampiga bibi na koti, mahali pale pale mbele ya maharagi, wakisema watazibandika karibu karibu ukutani. Hizo ninazo mimi. Nyumba yao ilichomwa kabla ya picha kufika, na sijakuta mtu wa kuniambia wameelekea wapi, ao kama walielekea pamoja.

Moja ni yangu. Tulikuwa tunateremka Masisi, tukafika kwenye barieri, mti uliolazwa njiani na maaskari. Askari mmoja aliyekuwa amekunywa kasiksi, pombe ya ndizi, akaona aparei, akataka foto na bunduki yake. Kaka akamweka vizuri, akampa koti, askari akalikataa. Alitaka nguo zake za kazi. Halafu akasema picha haina maana, iko tupu, hakuna adui ndani. Akatazama huku na huku. Adui aliyekuwa karibu ni mimi.

"Piga magoti," akaniambia. "Mikono ku kichwa. Inatakiwa ionekane nimekamata muasi."

Nikapiga magoti katika matope. Mdomo wa bunduki ulikuwa baridi nyuma ya sikio langu. Na mimi, kila nikiogopa, kicheko kinakuja. Masomoni nimechapwa mara nyingi kwa ajili hiyo. Kikaanza kunipanda tumboni. Kaka alikuwa ameinama juu ya kioo chake, sikuona uso wake. Akasema, "Usicheke. Utaharibu foto."

Askari akapenda sana hilo neno. Akalirudilia kwa wenzake tulipokuwa tunaondoka. Njiani sikusema na kaka. Nilikuwa na bunduki nyuma ya sikio na yeye anawaza foto. Niliwaza amenikata magotini kama wengine, na bahati nzuri magotini njo nilipokuwa nimeishia.

Siku iliyofuata asubuhi ndiyo alikuwa anaondoka kwenda Walikale. Maaskari walikuwa wanadai karte mpya ya kitambulisho kwa kila mtu, na karte inataka uso, na huko chini kwenye msitu hakukuwa na mpiga foto. Angepanda kamyo ya maharagi mpaka Walikale, halafu mpaka soko la Hombo. Alisema huko atapiga nyuso mpaka achoke na nyuso. Mimi nilimsindikiza mpaka njiani. Ilibaki nafasi moja katika filimu.

"Leo unipige na mimi," akasema. "Mama hana foto yangu hata moja."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amepiga Masisi nzima, na yeye mwenyewe hakuwa ukutani kwa mtu. Uso wake ulikuwa katika karte yake peke yake, na karte ilikuwa mfukoni mwake. Akavaa koti, akafunga karavati, akanionyesha mahali pa kusimama.

"Uingize kichwa chote," akasema. "Mama anataka uso."

Halafu mwenyewe, bila aibu, akaonyesha magotini kwake na kusema nikate hapo. Mpiga foto mzima. Nikamwambia usicheke, utaharibu foto. Akanitazama kidogo, akajua ninachosema. Akanyoosha shingo. Mengine nimekwisha kuyasema.

Akaitoa filimu chini ya koti ili mwanga usiingie, akaifunga na karatasi yake, akanipa nimpe shofere wa Goma aipeleke studio. Akatia filimu nyingine. Akaniambia nisome. Akaenda na koti lake mwilini, akiruka matope kwa vidole vyake vibaya, na mimi nyuma yake nikalia kama mbuzi. Akaokota udongo, akanirushia bila kugeuka. Alinikosa.

Masomo yakaanza, kaka hakurudi. Kwanza tukasema soko ni zuri. Halafu shofere mmoja akasema njia ya chini ya Walikale imefungwa. Halafu mwingine akasema kamyo moja ilisimamishwa, watu wakateremshwa, kamyo ikaendelea bila watu. Waliowateremsha ni nani, kila msemaji alikuwa na jibu lake, na alikuwa anatazama kwanza nani anasikiliza.

Mama alikuwa anaweka fungu la kaka kila jioni, bugali na maharagi, amelifunika na chungu. Asubuhi mimi nalila kabla ya masomo. Hatukuongea juu yake. Ilikuwa kama kaka ananipa.

Njia ilipofunguka, baba mudogo, yaani mdogo wa baba yetu, mtu wa viazi, wa maneno machache na mikono mikubwa, akateremka kumtafuta. Alirudi na koti.

Alilitoa ndani ya mfuko, akaliweka juu ya kitanda cha mama, hakukaa. Alisema yuko katekista mmoja katika kijiji cha kando ya njia, kati ya Walikale na Hombo. Watu wa kamyo ile waliachwa pale kwenye mfereji. Wanakijiji walikuwa wamejificha msituni, na mvua ilinyesha siku nyingi kabla hawajapata moyo wa kutoka. Nyuso hazikuwa za kutazamika tena. Karte hazikuwepo, zilichukuliwa. Katekista na watu wake waliwazika pamoja nyuma ya kapela, kanisa lao dogo. Yale makoti na mashati yaliyokuwa na alama waliyavua, ili mwenye kutafuta apate kitu cha kutazama.

Mama alishika koti. Akapitisha kidole kwenye vifungo mpaka akafika kwenye kile cha kahawia. Nilifikiri sasa atalia, na nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Akalikunja.

"Koti si muntu," akasema. "Masisi muzima wamelivaa hili koti. Aliazimisha muntu."

Baba mudogo akasema katekista alimwambia mwenye koti alikuwa na vidole vya miguu vibaya.

"Nionyeshe mu hii kilima muntu wa vidole vizuri," mama akasema.

Akakataza moto. Kwetu mtu akifa, moto unawashwa nje, wanaume wanalala hapo, wanawake wanakaa chini ndani, na hapo hata jiwe linajua kwamba huyo mtu hangojewi tena. Mama alisema yule atakayewasha moto katika uwanja wake atakuwa amemuua mtoto wake kwa mikono. Kuni zilizokuwa zimeanza kuletwa na majirani akazirudisha nyumba kwa nyumba, mwenyewe, kichwani.

Halafu akasema:

"Iko foto yake kwa studio ku Goma. Njo nangojea. Mutaenda na uso wake, mutaonyesha barieri kwa barieri, dispanseri kwa dispanseri, na kwa gereza. Aliyemuona atasema."

Toka siku hiyo nilikuwa naishi kama mtu aliyemeza kile kifungo. Masomoni niliendelea na mizaha yangu, maana nikiacha watajua. Nilimwigiza mwalimu anavyotembea, nikapigwa, nikaona afadhali. Nyumbani mama alikuwa ananiuliza. Kaka alisimama namna gani? Alicheka ao hakucheka? Jua lilikuwa upande gani? Nikamwambia hakucheka. Nikamwambia jua lilikuwa vizuri. Kila jioni alinitolea neno lingine juu ya ule uso, na mimi nikaongeza kidogo, mpaka nikaanza mwenyewe kuuona. Usiku niliomba shofere wa Goma apate ajali ndogo, ndogo tu, ya kuua filimu peke yake. Mungu alikuwa na kazi zingine.

Bahasha ilifika siku ya soko. Baba mudogo alikuwepo. Mama alinawa mikono, akaipangusa kwenye kitenge, akakaa mlangoni penye mwanga. Akatoa ngombe. Akatoa bwana arusi, akatoa bibi arusi, akazibandika karibu karibu juu ya paja lake kama walivyotaka. Akanitoa mimi, katika matope, mikono kichwani, bunduki nyuma ya sikio.

"Hii ni nini?"

Nikasema ulikuwa mchezo.

"Muchezo wa nani?"

Nikainama karibu na paja lake. Hapo ndipo nilipoiona vizuri. Picha zote za kaka zilikuwa safi. Ungehesabu nywele za mkia wa ngombe. Ile peke yake ilikuwa imetikisika. Askari alikuwa na mabega mawili mawili, mimi nilikuwa na vichwa viwili vinavyolaliana. Mikono ya kaka ilikuwa inatetemeka juu ya aparei, wakati ananiambia nisicheke. Kama ningecheka, yule mlevi angefikiri ninamcheka yeye. Hayo yote niliyaelewa pale mlangoni, kwa muda mfupi sana, kwa sababu mama alikuwa anatoa ya mwisho.

Aliitazama. Akaigeuza, kama uso ungekuwa nyuma. Akaigeuza tena. Akatia mkono ndani ya bahasha, akapapasa kila pembe, akaipindua na kuipiga juu ya kiganja. Haikutoka kitu.

"Yake iko wapi?" akauliza.

Nikasema hiyo njo yake.

Baba mudogo aliichukua, akaona miguu, matope, upindo wa koti juu. Alinipiga kofi moja nikaenda mpaka kwenye chungu cha maji. Akanyanyua mkono tena, mama akasema, "Acha." Alikuwa ameichukua picha tena. Akatoka nayo nje kwenye jua, akasimama ametupa mgongo. Alikaa hivyo mpaka kuku wakaja kuzunguka miguu yake wakifikiri ana chakula. Aliporudi akampa baba mudogo.

"Muende nayo."

"Kuonyesha nini, mama?" akasema baba mudogo, kwa upole, kwa sababu alikuwa anafikiri akili yake imeanza kutoka. "Nani anajua muntu kwa miguu?"

"Kwa yule katekista," mama akasema. "Na huyu aende. Ye njo alipiga, ye njo ataonyesha."

Tukateremka na kamyo ya viazi. Nilikuwa sijawahi kwenda huko. Unaacha baridi na majani ya ngombe, unaingia kidogo kidogo katika joto, miti inafunga juu ya njia, na hewa inakuwa kama pumzi ya mtu. Siku zingine ningekuwa na maneno ya kusema juu ya hayo. Kwenye barieri ya kwanza walitupekua, askari akaona picha mfukoni mwangu. Akaitazama upande huu na upande huu. Akaniuliza ni nini. Nikasema tunamtafuta huyo mtu. Akawaita wenzake. Wakapokezana, mmoja akavua kiatu akaweka mguu wake karibu na picha, akasema huyo amempata, wakacheka mpaka wakashikilia mti wa barieri. Nimekuwa mchekeshaji tangu niote meno. Sijawahi kuchekesha watu namna hiyo. Kwenye kila barieri ilikuwa vile vile, na kila mahali baba mudogo alikuwa anatazama mbele, na taya lake linatembea.

Katekista alikuwa mtu mfupi, ana kikohozi. Alitupokea vizuri, akatupa ndizi za kuchoma, akaichukua picha na kuipeleka mbali na macho, halafu karibu. Akasema kweli hawezi kusema. Siku ile yeye alishika jembe na kusoma sala, hakutazama sana, habari ya vidole aliisikia kwa mke wake, na hataki kusema uongo juu ya marehemu. Akamwita mke wake aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo.

Yule mama hakuwa na maneno mengi. Alieleza kwamba hawakuweza kuwaosha wale watu. Hali yao ilikuwa haikubali, na watu walikuwa na haraka ya kurudi msituni. Lakini yeye alikataa waingie ardhini na matope ya njia miguuni, kama watu wanaoendelea kutembea. Kwa hiyo aliwaosha miguu. Wote, mmoja mmoja, na chungu chake cha maji, huku wanaume wakimfokea afanye upesi.

Nikampa picha. Alipangusa mkono wenye sombe, akaishika kwa ukingo. Akaweka kidole juu ya ule ukucha wa mbuzi. Halafu juu ya kile kidole kilichopanda.

"Hiki nilikisukuma kirudi mahali pake," akasema. "Nilipokiachilia kikapanda tena."

Baba mudogo akatoka nje. Katekista alitupeleka nyuma ya kapela, mahali ambapo wamepanda maua mekundu kwa mstari. Mke wake akanionyesha upande alikolala kaka. Nilitaka kusema kitu, neno la Mbuzi lilikuja mdomoni, nikalirudisha. Ndiyo mara ya kwanza nilipoweza.

Tulirudi nyumbani mchana. Mama alikuwa anachagua maharagi katika ungo, mabaya upande, mazuri upande. Baba mudogo alianza kueleza njia, mvua, daraja lililovunjika, akaishiwa na njia, akanitazama. Nikasema mimi. Nilirudilia maneno ya yule mama kama alivyoyasema: alikisukuma kidole, kikapanda tena.

Mikono ya mama ilisimama ndani ya maharagi.

"Maji ilikuwa ya moto?" akauliza.

Hatukuuliza hilo. Nikasema ndiyo, mama, ilikuwa ya moto.

Akaweka ungo chini, akafunua kile chungu, akatoa lile fungu la kaka la jana ambalo hakuna aliyelila, akawamwagia kuku. Akamwambia baba mudogo awashe moto. Hakulia mpaka moshi ulipopanda na majirani wakaanza kuja na kuni zile zile alizowarudishia.

Mimi nilikuwa nabeba kuni kama wengine, nikitafuta kuni iliyo mbali zaidi. Akaniita. Alikuwa amekaa chini, nywele amezifungua, na ncha ya picha inaonekana katika fundo la kitenge, pale anapofungia vitu vyake. Nilipiga magoti mbele yake. Nilikuwa tayari kwa kofi, na kusema kweli nililitaka. Hakuninyanyulia mkono. Alinitazama muda, uso wote, kama mtu anayetaka kuushika kichwani, halafu akasema:

"Ungemupiga uso, leo ningekuwa bado namungojea."